Fundi wa Nyumba: Trei moja yachukua kebo ngapi?

Barua nyingi zinazotufikia katika ukurasa huu huuliza habari za pasi zisizopata moto, swichi zinazotoa cheche na mafundi wa vichochoroni waliochukua malipo wakatokomea. Juma hili tumepokea barua ya namna nyingine. Imetoka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kwa ndugu yetu mmoja aliyekuwa koplo katika kikosi cha uhandisi. Baada ya kustaafu alikwenda huko kutafuta riziki kwa ufundi wake wa umeme, na hivi sasa yumo katika kazi ya nyaya kwenye kiwanja cha ndege cha kimataifa cha mji huo. Mkewe na watoto wamebaki huku, na ndiye mkewe aliyetuletea barua hiyo kwa mkono, kwa kuwa naye alikuwa na swali lake. Yote mawili nitayajibu, na mwishoni msomaji ataona kuwa ni swali moja.

Ndugu Koplo anaeleza hivi. Amepewa trei yenye upana wa milimita 300 na kingo za milimita 50, akaagizwa ahesabu itachukua kebo ngapi za aina iliyoandikwa 4 x 25. Akakumbuka kanuni aliyofundishwa zamani, kwamba trei haijazwi zaidi ya nusu. Akazidisha 300 kwa 50, akapata milimita za mraba 15,000, na nusu yake ni 7,500. Kisha akazidisha 4 kwa 25, akapata 100. Akagawa, na jibu likawa kebo 75. Alipompelekea mzee anayewasimamia, mzee akacheka, akamrudishia karatasi na kumwambia akahesabu upya, asimweleze kosa liko wapi. "Naona haya kurudi mara ya pili na kosa lile lile," anaandika, "na vifaa vinaagizwa mwisho wa mwezi."

Asione haya. Kosa lake ni la watu wengi, na wengine wamelifanya mahali ambapo hapakuwa na mzee wa kucheka.

Kwa ajili ya wasiokuwa mafundi, trei ninayoitaja si ile ya kupelekea chai. Ni bati refu lenye kingo pande mbili na matundu chini, linaloning'inizwa darini au kufungwa ukutani ili kebo zilale juu yake zikielekea ziendako. Nyumba ya kawaida haina haja nayo. Jengo la kiwanja cha ndege haliwezi kusimama bila hiyo, kwani humo mna taa, mashine za kupoza hewa, mashine za kukagulia mizigo, mikanda ya kubebea masanduku, vipaza sauti, kamera za ulinzi, simu, kompyuta za idara ya uhamiaji, na juu ya yote mitambo ya mawasiliano ya waongozaji wa ndege. Kila kimoja kina waya wake, na karibu nyaya zote hukutana mahali fulani juu ya dari, pasipoonekana na abiria.

Juba wanaijua thamani ya dari. Baada ya nchi ile kupata uhuru na bendera mpya kupandishwa tarehe 9 Julai 2011, kiwanja kile kililemewa ghafla na wageni, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa na ndege za misaada. Kwa muda abiria walihudumiwa ndani ya mahema, hadi jengo jipya lilipofunguliwa mwezi Oktoba 2018. Sudan Kusini ilikwisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na ndiyo sababu leo si ajabu kumkuta fundi wa kwetu akipanda ngazi katika majengo ya Juba.

Sasa turudi kwenye hesabu. Ile 25 iliyoandikwa juu ya kebo si unene wa kebo. Ni eneo la shaba peke yake katika kila mshipa mmoja, kwa milimita za mraba. Juu ya shaba kuna plastiki ya kuhami, mishipa minne ikiwekwa pamoja huacha mapengo katikati, kisha hufunikwa kwa ganda la ndani, nyaya za chuma za kuikinga, na ganda la nje. Ndugu Koplo alihesabu shaba akaacha nguo zote ilizovaa. Ni kama karani wa usafiri anayepima mwili wa askari bila kuhesabu koti, mkoba, chupa ya maji na bunduki, kisha akashangaa lori limejaa kabla ya nusu ya kikosi kupanda.

Dawa yake ni kupima unene wa nje. Kitabu cha mtengenezaji huuonyesha, lakini asiyekuwa nacho achukue uzi, auzungushe mara moja tu kwenye kebo, aukate, aupime kwa rula, kisha agawe kwa 3.14. Kebo ya 4 x 25 yenye kinga ya chuma itatoa uzi wa milimita 88 hivi, na 88 ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha milimita 28. Nusu ya kipenyo ni 14. Zidisha 14 kwa 14, upate 196, kisha zidisha kwa 3.14: jibu ni 615. Kwa hiyo kila kebo inakula milimita za mraba 615 za trei, wala si 100.

Gawa 7,500 kwa 615. Jibu ni 12 na kidogo, na kile kidogo hakihesabiwi, kwa kuwa hakuna robo ya kebo. Kutoka 75 tumeshuka hadi 12 kwa kuzungusha uzi tu.

Msomaji mdadisi atauliza kwa nini tujaze nusu na kuacha nusu nyingine ikae bure. Haikai bure. Vitu vya mviringo havikai pamoja kama matofali. Hata ukizipanga kebo kwa uangalifu wote, mistari sawasawa moja juu ya nyingine, mapengo baina yake yatachukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya nafasi. Nazo kebo hazipangwi hivyo. Hupinda, hupishana, hukataa kona. Trei iliyojazwa nusu kwa hesabu, kwa macho huonekana imekaribia kujaa. Hapo ndipo mtu asiyejua hupita na kusema, "Bado pana nafasi, pitisha na hii."

Lakini 12 nalo si jibu la mwisho, na hapa naomba Ndugu Koplo asome polepole. Kanuni ya nusu inafaa kwa kebo nyembamba za amri na mawasiliano, ambazo hubeba umeme mdogo sana. Kanuni za Marekani huiruhusu kwa kebo za namna hiyo katika trei yenye matundu, na kwa kebo kubwa za nguvu, zile zenye shaba ya milimita za mraba 107 hivi na kuzidi, hudai kitu kingine: zilale tabaka moja tu, na jumla ya vipenyo vyake isizidi upana wa trei. Sisi tuliorithi utaratibu wa Kiingereza tunatumia majedwali ambayo nayo hukadiria kebo zilizolala tabaka moja. Kebo ya 25 si miongoni mwa kubwa hizo, walakini mimi kwa nchi yenye joto kama ile ningeifuata kanuni ya tabaka moja kwa kila kebo inayobeba mzigo wa kweli. Basi 300 gawa kwa 28: kebo 10.

Sababu ni joto. Kila waya unaopitisha umeme hupata moto, na moto huo haukui sawasawa na mzigo. Ukiongeza umeme mara mbili, joto huwa mara nne. Kebo iliyo peke yake hulitoa joto lake hewani. Kebo iliyobanwa na jirani huku na huku haina pa kulitoa, na iliyo chini ya tabaka la pili ni taabu zaidi. Mama wa nyumbani anaijua elimu hii bila kwenda chuoni. Makaa ukiyatawanya hufifia upesi. Ukiyakusanya pamoja huendelea kuwaka na kuivisha maharage.

Kebo ya aina hii, ikiwa peke yake juu ya trei yenye matundu katika hewa ya nyuzi 30 za sentigredi, huruhusiwa kubeba ampea 130 hivi. Ziwekwe 10 zikigusana, majedwali yanatutaka tuzidishe kwa 0.72 au karibu na hapo. Tena Juba si mahali pa nyuzi 30. Mwezi Februari na Machi joto la mchana kule hufika 37 na 38 kivulini, na juu ya dari, chini ya bati lililopigwa jua tangu asubuhi, fundi mwenye busara hukadiria 45. Kwa kebo yenye plastiki inayovumilia nyuzi 90, joto hilo linatutaka tuzidishe tena kwa 0.87. Basi 130 mara 0.72 mara 0.87 ni ampea 81. Zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya kebo imetoweka, na hakuna aliyeiiba.

Kama kebo ni za plastiki ya kawaida, ile inayovumilia nyuzi 70 tu, adhabu ya nyuzi 45 ni 0.79, na ya nyuzi 50 ni 0.71. Kwa hiyo asikubali kuletewa kebo ya aina nyingine kwa maneno kwamba "unene ni ule ule." Unene ni ule ule, uvumilivu siyo.

Njia nyingine iko, nami naipenda pale ambapo mzigo ni mkubwa. Aweke kebo 5 tu, akiacha kati ya moja na nyingine pengo lenye upana wa kebo nzima. Zitachukua milimita 252. Hapo punguzo la msongamano ni dogo, 0.91 au nafuu kuliko hapo, na kila kebo itabeba ampea 103 mahali pa 81. Yaani nusu ya kebo inafanya karibu theluthi mbili za kazi ya zile 10. Shaba ni ghali, na bei ya kuisafirisha hadi Juba ni ghali zaidi. Hewa katikati ya kebo haitozwi ushuru.

Basi jibu kwa mzee ni hili: kwa nafasi, kebo zisizidi 10 katika tabaka moja, kila moja ikibeba si zaidi ya ampea 81, na kama kila kebo itadaiwa ampea 100, ziwe 5 zenye mapengo. Na kama kweli kazi ile ina kebo 75, aagize trei 8 mahali pa moja, na akumbuke kuwa trei zikipangwa ghorofa moja juu ya nyingine, ya juu hupokea joto la ya chini, na punguzo huongezeka tena. Ningemshauri pia aache robo ya upana bila kitu, akiandika kwa kalamu nyekundu kwenye mchoro kwamba nafasi hiyo imeachwa kwa makusudi. Kiwanja cha ndege hakimaliziki kujengwa. Baada ya miaka 3 italetwa mashine mpya, na fundi wa siku hiyo hatakuwa yeye.

Uzito nao asiusahau. Tuseme kila mita ya kebo ina kilo 2. Kebo 10 ni kilo 20 kwa kila mita ya trei, na vishikio vikiwa kila baada ya mita moja na nusu, kila kimoja kinabeba kilo 30, mchana na usiku, miaka yote. Jambo hili hesabu yake ni nyepesi, nalo huachwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kebo za simu, kamera na kompyuta zisilale pamoja na kebo za nguvu. Ndugu Koplo kama alipata kukaa karibu na watu wa signali atakuwa ameusikia ule mvumo unaoingia redioni waya wa umeme unapopita jirani. Kwa mwongozaji wa ndege anayesikiliza namba kutoka kwa rubani, mvumo si jambo la kuvumilia. Apewe trei yake mwenyewe, na humo ile kanuni ya nusu ndiyo mahali pake. Kebo yenye kipenyo cha milimita 15 inakula milimita za mraba 177, kwa hiyo katika trei ile ile zitaingia 42.

Nimesema wengine walikosea mahali ambapo hapakuwa na mzee wa kucheka. Tarehe 22 Machi 1975, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama huko Marekani, wafanyakazi walikuwa wakitafuta mahali hewa inapovuja kwenye tundu ambamo trei za kebo hupenya ukuta. Walitumia mshumaa. Mwali uliponeswa na hewa waliijua nafasi inayovuja, lakini mwali ule ukanyonywa ndani ya sponji iliyozibia tundu, nayo ikawaka. Moto ukatembea juu ya trei kwa muda wa saa 7 hivi, ukaharibu kebo zaidi ya 1,600. Waliogopa kumwaga maji kwenye umeme, ingawa mkuu wa zimamoto wa mji wa jirani alikuwa amewashauri hivyo mapema. Walipoyatumia, moto ulizimika baada ya muda mfupi. Mtambo uliokolewa. Lakini wahandisi walibaki wakijiuliza kwa nini kebo za mitambo ya akiba zilipita karibu na zile zile ambazo mitambo hiyo ingepaswa kuziokoa.

Swali hilo lilirudi miaka 42 baadaye, safari hii kiwanjani. Tarehe 17 Desemba 2017 moto ulizuka katika njia ya chini ya ardhi inayopeleka umeme kwenye kiwanja cha ndege cha Atlanta, ambacho ni miongoni mwa viwanja vyenye abiria wengi kuliko vyote duniani. Kebo kuu zikaharibika, na kebo za akiba zilizokuwa jirani nazo zikaharibika pamoja. Kiwanja kilikaa bila umeme karibu saa 11, na safari zaidi ya 1,000 zikafutwa. Kwa hiyo kama katika kazi ya Juba mna kebo itokayo kwenye jenereta ya akiba, Ndugu Koplo asiihesabu hata kidogo katika zile 10. Aitafutie njia nyingine, ukuta mwingine ikiwezekana. Na kila tundu atakalotoboa ukutani alizibe kwa kitu kisichoshika moto kabla ya kushuka ngazi siku hiyo hiyo.

Sasa nimgeukie mama aliyeleta barua. Yeye anakaa na watoto 4 katika nyumba ya vyumba viwili. Anasema ukutani, juu ya kitanda cha watoto, umepita mfereji wa plastiki uliobebeshwa nyaya za vyumba vyake na za majirani wawili, na kwamba jioni watu wanapopika na kupiga pasi akiweka kiganja juu ya mfereji huo anausikia una vuguvugu. Fundi aliyeupitisha alimwambia plastiki ndivyo ilivyo.

Mama, sivyo ilivyo. Mfereji wa kawaida wa milimita 25 kwa 16 una eneo la 400. Kwa mifereji utaratibu wa Kiingereza hauruhusu kujaza zaidi ya asilimia 45, yaani 180. Waya wa 2.5 una unene wa nje wa milimita 4 hivi, kwa hiyo unakula 12.6, na mfereji unapokea nyaya 14, ambazo ni njia 7 za umeme. Lakini sikiliza lililobaki. Njia moja ikiwa peke yake humo huruhusiwa ampea 24. Njia 7 pamoja huzidishwa kwa 0.54, na kila moja hubaki na ampea 13 tu, hapo hatujahesabu joto la chumba chenyewe. Birika moja la umeme la wati 2,000 hula karibu ampea 9. Birika na pasi katika njia moja wakati majirani nao wamewasha vyao, na mfereji umekwisha kupita kiasi, hata kama kifuniko chake kinafunga vizuri.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, hamisha kitanda cha watoto kutoka ukuta huo. Usifungue mfereji, wala usimruhusu kijana wa jirani aufungue. Zungumza na majirani zako msipige pasi na kupika kwa umeme saa moja, mpaka msimamizi wa nyumba aletewe habari kwa maandishi, naye amlete fundi mwenye leseni agawanye nyaya hizo katika mifereji miwili au mitatu. Ukisikia harufu kama ya samaki wabichi au ya plastiki inayoungua, zima swichi kuu kwanza, maswali baadaye.

Kamba ya umeme iliyoviringwa kwenye gurudumu lake ina hesabu hiyo hiyo. Ikiwa imekunjwa yote, kila duara linampasha mwenzake joto, na ndiyo maana kibandiko chake huandikwa wati za namna mbili, ikiwa imefunguliwa na ikiwa imekunjwa. Anayetaka kuitumia kwa pasi aifungue yote, hata kama ni mita 20 na chumba ni hatua tano.

Barua ya Ndugu Koplo nimeirudisha kwa mkewe ikiwa na hesabu hizi kwa mwandiko mkubwa, naye ameahidi kumsomea kwa simu Jumapili. Juma lijalo tutajibu swali la sajini mmoja wa polisi juu ya maji ya betri.